Albamu zimerudi, lakini nani anazisikiliza hadi mwisho?

Wasikilizaji wetu wanapotuma ujumbe kwenye kipindi cha salamu, huomba wimbo. Hutaja jina la wimbo, jina la msanii, kisha watu wa kusalimiwa: mama mkwe, mjomba aliyeko machimboni, vijana wa kijiwe cha bodaboda. Hatukumbuki mara ya mwisho mtu alipotuandikia akiomba albamu nzima. Na tuseme ukweli, angeomba tungemjibu kwamba muda hautoshi.

Hata hivyo wanamuziki wanazidi kutoa albamu. Diamond Platnumz alitoa A Boy from Tandale mwaka 2018. Harmonize alitoa Afro East mwaka 2020, na mwaka huohuo Sauti Sol wa Kenya wakatoa Midnight Train. Mwaka 2021 Rayvanny alikuja na Sound From Africa, na Alikiba akaja na Only One King. Kabla ya hapo kilikuwapo kipindi ambacho wasanii wengi wa Bongo Fleva walitoa wimbo mmoja mmoja tu, na maneno ya mjini yalikuwa kwamba albamu hailipi.

Basi kuna jambo la kujiuliza. Msanii anaingia studio, anatoka na nyimbo 12, 15 au zaidi. Sisi tunachukua mbili. Moja inapigwa redioni, nyingine inachezwa kwenye harusi. Zile zilizobaki zinakwenda wapi? Na hasara inamwangukia nani: msanii, msikilizaji, au hakuna hasara yoyote?

Albamu ilitoka wapi

Neno albamu wengi tunalijua kutoka kwenye picha, kile kitabu cha picha za harusi ambacho mgeni akifika hupewa akifungue wakati chai inachemka. Kwenye muziki neno hili lilianza vivyo hivyo. Santuri za zamani, zile zilizozunguka mara 78 kwa dakika, zilibeba takriban dakika tatu kila upande. Kazi ndefu ililazimika kugawanywa kwenye santuri kadhaa, na santuri hizo ziliwekwa kwenye mifuko iliyoshonwa pamoja kama kitabu cha picha. Ndiyo ikawa albamu.

Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ya Marekani ilileta santuri ndefu, iliyoweza kubeba zaidi ya dakika 20 kila upande. Mifuko haikuhitajika tena, lakini jina la albamu likabaki. Mwaka uliofuata kampuni ya RCA Victor ikaleta santuri ndogo ya mizunguko 45, ambayo kwa kawaida ilibeba wimbo mmoja kila upande. Kwa hiyo ushindani kati ya albamu na wimbo mmoja ulikuwapo kabla ya wengi wetu kuzaliwa.

Huku kwetu, wimbo mmoja ndio uliotangulia. Siti binti Saad wa Zanzibar aliposafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi taarabu, ilibidi nyimbo zake zilingane na nafasi ya santuri zile fupi. Miaka ya 1960 na 1970 nyimbo nyingi za dansi zilitoka kwenye santuri ndogo za 45 zilizotengenezwa Nairobi. Wimbo ukiwa mrefu ulikatwa: sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande wa pili, na mchezaji akasubiri santuri igeuzwe ndipo aendelee na sebene.

Upande wa Tanzania, bendi nyingi zilirekodi katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, wimbo mmoja mmoja, kwa ajili ya kupigwa hewani. Mzee anayemkumbuka Mbaraka Mwinshehe au Mlimani Park Orchestra anakumbuka nyimbo zao. Mwulize albamu gani, atakushangaa. Tunasema haya kwa sababu mara nyingi vijana wa leo hulaumiwa kwamba simu imewaharibu, hawana subira, wanadonoa nyimbo kama kuku. Lakini babu zao walisikiliza hivyohivyo, kwa sababu redio ndiyo iliyowachagulia.

Upande A na upande B

Kilicholeta albamu vijijini ni kanda ya kaseti. Kampuni ya Philips iliitoa mwaka 1963, lakini kwetu ilitawala hasa miaka ya 1980 na 1990, na hata miaka ya 2000 mwanzoni. Ilikuwa ndogo, iliingia mfukoni, ilivumilia vumbi, na redio kaseti ilitumia betri. Kwaya za makanisa zilitoa kanda, vikundi vya taarabu vilitoa kanda, na Bongo Fleva ilipokuja nayo ikauzwa kwa kanda. Professor Jay alipotoa Machozi, Jasho na Damu mwaka 2001, watu waliinunua ikiwa kitu kimoja chenye jina na jalada.

Aliyekuwa na redio kaseti kijijini anajua jinsi ilivyokuwa. Kupeleka kanda mbele au kuirudisha nyuma kulimaliza betri. Ndiyo maana kanda ilirudishwa kwa kalamu, ikizungushwa kwa mkono, na betri zilizochoka zilianikwa juani angalau zipate nguvu ya jioni moja. Kuruka wimbo ilikuwa gharama. Kwa hiyo wimbo wa nne tuliusikiliza hata kama hatukuupenda. Na mara nyingi, baada ya wiki mbili, wimbo huohuo wa nne ndio uliotushika kuliko ule uliotufanya tununue kanda.

Hapo ndipo nguvu ya albamu ilipokuwa. Ilimpa mwimbaji nafasi ya kusema mambo ambayo hayakufaa kuwa wimbo wa kuchezwa. Kati ya nyimbo mbili za mapenzi palikuwa na wimbo wa msiba, wa ugumu wa maisha, wa kumshukuru mama, au wa kuwasuta wakubwa. Wimbo wa namna hiyo peke yake pengine usingeuzika. Ndani ya kanda ulibebwa na wenzake hadi ukafika jikoni, dukani na kwenye basi.

Lakini tusiipambe mno enzi ile. Kanda nyingi zilikuwa na nyimbo mbili nzuri na sita za kujazia. Mnunuzi alilipa zote. Kanda bandia zilijaa masokoni. Na wasanii wengi waliuza kazi kwa msambazaji kwa malipo ya mara moja, kisha wakabaki wakisikia sauti zao kila duka bila kuongezewa senti. Mtu anayesema zamani muziki ulilipa, amwulize aliyeuza kanda yake wakati ule.

Kutoka kanda hadi memori kadi

Kilichoivunja albamu ni uwezo wa kuchomoa wimbo mmoja. Mwaka 1999 Marekani ulianza mtandao wa Napster, uliowawezesha watu kupeana nyimbo bure kwa kompyuta. Mwaka 2003 kampuni ya Apple ikafungua duka la iTunes na kuuza wimbo mmoja kwa senti 99 za dola. Kuanzia hapo mnunuzi hakulazimika tena kulipia nyimbo za kujazia.

Kwetu duka hilo lilikuwa kibanda cha gulioni. Kijana mwenye kompyuta, waya na orodha ndefu, wewe unampa memori kadi au flashi, anakuingizia nyimbo unazotaka. Unalipa kwa idadi ya nyimbo au kwa kujaza kadi nzima. Kibanda hicho kiliwafikishia watu wa vijijini muziki ambao usingewafikia kwa njia nyingine. Lakini fedha iliishia mezani pale. Mwimbaji hakupata kitu.

Baadaye zikaja programu za kusikiliza muziki kwa simu. Boomplay ilianza mwaka 2015 na ikasambaa pamoja na simu za Tecno zilizouzwa ikiwa imeshawekwa ndani. Spotify ilifunguliwa Kenya, Tanzania na nchi nyingine nyingi za Afrika Februari 2021. YouTube ilikuwapo tangu zamani. Hapo ndipo albamu iliporudi, na sababu yake kubwa ni hesabu.

Kutengeneza kanda 10,000 kulihitaji mtaji. Kuweka nyimbo 15 mtandaoni hakuhitaji karatasi wala plastiki, na kila wimbo unahesabiwa peke yake. Msanii mwenye nyimbo 15 ni kama muuza duka mwenye milango 15: mteja aingie kwa mlango wowote. Hata chati kubwa ya albamu ya Marekani, Billboard 200, ilibadilisha hesabu zake Desemba 2014. Wakati ule ilianza kuhesabu kwamba nyimbo za albamu zikisikilizwa mtandaoni mara 1,500, ni sawa na albamu moja iliyouzwa. Haikujali kama ni wimbo mmoja uliorudiwa mara 1,500 au ni albamu nzima iliyosikilizwa na watu wengi.

Albamu pia humpa msanii jambo la kusema kwa wafadhili, sababu ya kuzunguka na maonyesho, na heshima mbele ya wenzake. Hizo ni sababu za kweli. Lakini hakuna hata moja inayohitaji wewe msikilizaji ufike wimbo wa mwisho.

Wimbo wa tisa unalipwa nini

Ili kuelewa anayeumia, fikiria chama cha ushirika cha mazao. Fedha ya msimu inakusanywa kwenye fungu moja, kisha inagawanywa kwa kilo ambazo kila mkulima alipeleka ghalani. Programu kubwa za muziki nyingi hugawa kwa namna inayofanana na hiyo. Ada za wateja na fedha za matangazo huwekwa pamoja, na mgawo hufuata idadi ya mara nyimbo zilivyosikilizwa.

Sasa ingiza kanuni mbili za Spotify. Ya kwanza: wimbo huhesabiwa kuwa umesikilizwa ukifikisha sekunde 30. Ukiruka kabla ya hapo, haukuhesabiwa. Ndiyo sababu mojawapo ya nyimbo za siku hizi kuingia kwenye sauti na kiitikio mapema, bila magitaa kuzungumza kwanza kama zamani.

Ya pili ilianza mwaka 2024: wimbo ambao haukufikisha mara 1,000 za kusikilizwa ndani ya miezi 12 haulipwi mgawo wa rekodi. Fedha ambayo ungepata inabaki kwenye fungu la nyimbo zilizovuka kiwango hicho.

Tupige hesabu. Mwanamuziki chipukizi wa wilayani ametoa albamu ya nyimbo 10. Kila wimbo umesikilizwa mara 600 kwa mwaka. Jumla ni mara 6,000, na kwenye programu hiyo hakuna hata wimbo mmoja unaolipwa. Mwenzake ametoa wimbo mmoja tu, umesikilizwa mara 6,000. Huyo analipwa. Idadi ya mara za kusikilizwa ni ileile, lakini aliyetawanya kazi yake kwenye albamu anarudi mikono mitupu.

Ni kweli kwamba malipo ya mara 6,000 ni madogo sana, hayajengi nyumba. Lakini kanuni inamfundisha chipukizi somo moja: usihangaike na nyimbo 10, weka nguvu zako zote kwenye wimbo mmoja utakaoshika. Msanii mkubwa hana shida hiyo, kwa kuwa hata wimbo wake wa tisa utavuka mara 1,000 mchana mmoja. Kwa hiyo albamu inaanza kuwa mali ya waliokwisha kutajirika, na mdogo mwenye mambo 10 ya kusema anashauriwa aseme moja.

Redio nayo ina mkono

Hapa hatuwezi kunyooshea kidole programu za simu peke yake. Redio ndiyo iliyowazoesha watu wimbo mmoja. Msanii akituletea albamu, tunamwuliza: tupige upi? Yeye au meneja wake anataja mmoja, na huo ndio tunaoushikilia miezi mitatu. Taarabu ya dakika 10 tunaikata saa ya habari ikifika. Wimbo wa dansi tunauzima kabla ya sebene. Watangazaji wengine huongea juu yake tangu mwanzo hadi mwisho.

Uchaguzi huo una uzito wa fedha pia. Mwandishi wa wimbo na mwimbaji wanastahili mirabaha kazi yao inapopigwa hewani. Januari 2022 Taasisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA, iligawa mirabaha ya zaidi ya shilingi milioni 312 kwa wasanii zaidi ya 1,000. Ili fedha ya namna hiyo imfikie mwenyewe, lazima ijulikane ni wimbo gani umepigwa, wapi, na ni wa nani. Wimbo usiopigwa haumo kwenye hesabu. Na wimbo uliopigwa bila kutajwa jina una hatari ya kuwa kama haukupigwa.

Jina linalopotea

Hilo la jina linatupeleka kwenye hasara ambayo watu hawaizungumzii sana. Kanda ilikuwa na jalada. Juu yake paliandikwa majina ya nyimbo, na mara nyingi waliotunga, waliopiga gitaa na studio iliyorekodi. Mtoto aliyejifunza kusoma nyumbani kwenye kanda za kwaya alijua majina ya waimbaji kama alivyojua majina ya wachezaji wa Simba na Yanga.

Fungua sasa memori kadi yako. Utakuta Track 05, utakuta namba ndefu zisizo na maana, utakuta jina la tovuti iliyoibandika badala ya jina la aliyeimba. Wimbo umechomolewa kwenye albamu yake, ukapita mikononi mwa watu 20, na kila mkono umepunguza kidogo. Mwishoni inabaki sauti isiyo na mwenyewe. Wasikilizaji wanatupigia wakituimbia kipande cha kiitikio kwa simu ili tuwatajie ni wa nani, na mara nyingine nasi hatujui. Kwa nyota wa Dar es Salaam au Nairobi si tatizo. Kwa kikundi cha ngoma cha kata, au kwaya iliyorekodi mara moja tu kisha ikasambaratika, jina likishapotea halirudi.

Je, ni vibaya kuchagua wimbo?

Hapana. Anayelipia bando kwa fedha ya mboga ana haki ya kusikia anachokipenda. Hakuna anayewajibika kumaliza nyimbo za kujazia ili kumfurahisha msanii. Na ziko albamu za leo zenye nyimbo nyingi kwa sababu tu nyimbo nyingi huongeza hesabu. Hizo hazistahili saa yako.

Lakini ni vizuri kujua kwamba mara nyingine si wewe unayechagua. Ukifungua albamu kwenye simu, programu nyingine hukuchanganyia nyimbo bila mpangilio. Novemba 2021 mwimbaji wa Uingereza Adele, akiwa anatoa albamu yake iitwayo 30, aliomba Spotify iache kutanguliza kitufe cha kuchanganya kwenye kurasa za albamu, kwa sababu nyimbo hupangwa kwa makusudi. Spotify ilikubali. Hata hivyo, ukitumia programu bila kulipia, bado unaweza kuchanganyiwa. Na wimbo ukiisha, mashine ndiyo inayoamua unaofuata, na kwa kawaida hukuletea unaofanana na uliokwisha kuupenda. Msikilizaji anaweza kuzungushwa mwaka mzima kwenye nyimbo 30 huku akidhani anachagua mwenyewe.

Ukitaka kujaribu

Wengi watasema albamu nzima ni gharama. Tuangalie. Wimbo wa dakika nne kwa ubora wa kawaida wa sauti, ule wa kilobiti 128 kwa sekunde, hula karibu MB 4. Albamu ya nyimbo 12 za urefu huo hula MB 46 hadi 48. Video ya wimbo mmoja, hata ya ubora wa kati, inaweza kula mara tano au zaidi ya sauti yake peke yake. Yaani video tatu za YouTube zinaweza kukumalizia bando sawa na albamu nzima ya sauti, au zaidi.

Kama una albamu moja unayotaka kuijua, isikilize kwa sauti bila video. Tazama alama ya mishale miwili inayopishana, hiyo ndiyo ya kuchanganya, izime. Ukiwa na njia halali ya kuipakua, ipakue mara moja mahali penye mtandao mzuri, kisha uisikilize ukiwa shambani, ukichambua mboga au ukisubiri zamu ya bomba. Mara ya kwanza usiruke wimbo. Mara ya pili ruka upendavyo, kwa kuwa sasa unajua unachokiruka. Na ukimrushia mwenzako wimbo, usibadilishe jina lake, au uandike jina la mwimbaji kama halipo.

Kwa upande wetu, yapo mambo mawili yaliyo ndani ya uwezo wetu. La kwanza ni kutaja jina la wimbo, la mwimbaji na la albamu kila tunapopiga, hata kama muda umebana. La pili ni kuacha kumwuliza msanii wa wilayani swali lile la tupige upi, na badala yake tuisikilize kazi yake yote kabla ya kuamua. Nyimbo za mvua iliyochelewa, za mnunuzi aliyekopa mazao akatoweka, za mtoto aliyekwenda mjini akanyamaza, hazitangulizwi na mameneja. Tumezikuta ni wimbo wa sita, wa nane, wa tisa.

Kama kwako bado ipo kanda, CD au albamu kwenye simu yenye wimbo ambao redio haikuwahi kuupiga, nawe unaujua hadi maneno yake ya mwisho, tutajie kwenye kipindi cha salamu. Taja na jina la aliyeuimba.